NGAO NDOGO YATOSHA: HABARI YA UPEPO KWA WAENDESHA PIKIPIKI

(Maneno ya kamati mbele ya wanachama wa pikipiki, Nyamarambe, Mugirango Kusini. Tumeyapiga chapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Leo hatukuja kusema habari ya michango wala ya uchaguzi wa chama. Twataka kusema habari ya upepo. Labda mwingine atacheka na kuuliza, je, kamati imekosa kazi hata ikahangaika na upepo? Basi na acheke, lakini asikilize mpaka mwisho. Sisi tunaofanya kazi ya kubeba abiria, ndizi, miwa na mawe ya sabuni ya Tabaka twajua ya kuwa upepo ni mzigo wa kila siku, nao haulipi nauli.

Zamani mtu wa Nyamarambe alikwenda kwa miguu, au kwa baiskeli, au alingoja gari mpaka akachoka. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, zile zilizo chini ya 250 cc, na tangu hapo pikipiki zimejaa kila njia panda, na vijana wengi wamepata riziki kwazo. Lakini pikipiki hizo zilikuja zimevaa taa, tangi na kiti tu. Mwenye gari ameketi ndani ya chumba cha chuma na kioo. Sisi tumeketi nje, na kifua ndicho kioo chetu.

UPEPO UNA UZITO GANI

Kwanza tuelewane juu ya jambo hili, maana bila kulielewa mtu atafunga ngao yake vibaya.

Upepo unaokupiga njiani kwa sehemu kubwa ni wewe mwenyewe unayeupiga. Hewa imesimama, nawe waipasua. Ukiongeza mwendo mara mbili, nguvu ya hewa haiongezeki mara mbili, huongezeka mara nne. Tumefanya hesabu ya kukadiria kwa mtu mzima aliyeketi wima juu ya pikipiki bila kitu mbele yake, katika nchi ya milima kama yetu. Akienda kilomita 30 kwa saa, hewa humsukuma yeye na pikipiki yake kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 2. Hilo halimsumbui. Akienda kilomita 60, nguvu hufika kilo 8 hivi. Akifika kilomita 80, ni karibu kilo 15.

Sehemu kubwa ya nguvu hiyo hupiga kifua, mabega na kichwa. Ili usirushwe nyuma, hukaza mikono na kujivuta kwenye usukani. Mtu akitoka hapa mpaka mji wa Kisii na kurudi, mara tatu au nne kwa siku, jioni shingo inauma na vidole vimekufa ganzi, naye hajui kwa nini, kwa sababu hakubeba kitu. Kumbe alibeba hewa.

Ongezeni na baridi. Mji wa Kisii uko juu kiasi cha mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi milima yetu ina ukungu na ubaridi. Mchana mawingu hujikusanya, na alasiri mvua hushuka, pengine na mawe yake. Nguo ikilowa na upepo ukaipiga, joto la mwili huondoka upesi sana. Wengi wetu husema upepo ndio unaoleta niumonia. Madaktari hutwambia ya kuwa niumonia huletwa na vijidudu, si na upepo wenyewe, na maneno hayo tuyakubali. Lakini hakuna daktari anayehitajika kutwambia ya kuwa mkono uliopoa unachelewa kukamata breki. Mtoto akikurupuka barabarani, kuchelewa kidogo tu ndiko kunakoleta msiba.

Ndiyo sababu kila mmoja wetu amejibuni kinga yake. Yuko anayevaa koti nyuma mbele. Yuko anayeweka kipande cha katoni kifuani chini ya jaketi. Yuko aliyekata mtungi wa plastiki na kuufunga mbele ya mikono. Na wako wengi waliofunga mwavuli mkubwa juu ya pikipiki. Hatuwacheki hata mmoja, maana wote wanatafuta jambo lile lile. Lakini lazima tuseme kweli juu ya mwavuli.

HABARI YA MWAVULI

Mmoja wetu alikuwa na mwavuli mzuri, mpana. Abiria walimpenda kwa sababu wakati wa mvua hawakulowa, na siku za mvua alipata kazi kuliko sisi. Jioni moja alikuwa akirudi na abiria mmoja. Njia yetu mwaijua, unapita chini ya kingo za udongo ambako upepo haukufikii, kisha kingo zinakwisha na unatokea ghafula mahali pa wazi juu ya kilima. Pale upepo wa mvua ulimjia kutoka ubavuni. Mwavuli ulivutwa, na pikipiki ikafuata mwavuli. Walianguka mtaroni. Abiria aliumia mkono, na mwenzetu alivunjika mguu, akakaa miezi bila kufanya kazi. Watoto wake walikula kwa michango yetu na ya jirani.

Hakwenda mbio, wala hakuwa amelewa. Kosa lilikuwa katika kipimo cha kitu alichokifunga. Mwavuli wenye eneo la mita moja ya mraba, ukipigwa na upepo wa kilomita 40 kwa saa, huvutwa kwa nguvu ya kilo 6 au zaidi, na nguvu hiyo haikamati pikipiki chini penye uzito, hukamata juu ya kichwa, kama mtu aliyeshika ncha ya mti mrefu na kuuyumbisha. Tena lori kubwa likikupita, hewa yake kwanza hukusukuma nje, halafu hukuvuta ndani. Mwenye mwavuli huyumba mara mbili.

Hata sisi wa kamati tulikosea. Ngao ya kwanza tuliyoitengeneza ilikuwa pana kama mlango wa kabati, tukaifunga juu ya usukani kwa waya wa kufungia. Kifua kilipata raha kweli. Lakini tulipokaribia kilomita 60 usukani ulianza kutikisika wenyewe, kulia na kushoto, na aliyeendesha alirudi akiwa kimya. Tuliikata siku ile ile.

WENGINE WALIJIFUNZA KABLA YETU

Jambo hili si geni duniani. Kiwanda cha Moto Guzzi huko Mandello del Lario, Italia, mwaka 1950 kilijenga chumba cha kupulizia upepo ili kupima pikipiki zake za mashindano. Viwanda vya wakati ule vilifika hata kufunika gurudumu lote la mbele kwa ganda kubwa la bati. Pikipiki zilipasua hewa vizuri na kwenda mbio sana. Lakini upepo wa ubavuni ulipovuma, ganda lile lilikamatwa kama tanga la jahazi na kuuvuta usukani. Kwa hiyo FIM, chama cha dunia kinachosimamia mashindano ya pikipiki, kiliyapiga marufuku maganda hayo kuanzia mashindano ya mwaka 1958.

Baadaye watu walirudi kwa akili. Mwaka 1973 BMW ilitoa pikipiki R90S yenye ngao ndogo kuzunguka taa ya mbele tu. Mwaka 1976 ikatoa R100RS yenye ngao kubwa, lakini ile kubwa haikufungwa kwenye usukani. Ilishikwa na fremu ya pikipiki, nayo ilikuwa imepimwa kwanza katika chumba cha upepo. Sisi hatuna chumba cha upepo hapa Nyamarambe. Basi kwetu neno ni moja: ngao iwe ndogo, iwe nyepesi, na ikae karibu na taa.

JINSI YA KUIFUNGA

Sikilizeni kwa utaratibu, na mwenye daftari aandike.

1. KIPIMO. Upana usizidi sentimita 40, urefu usizidi 45. Usikate plastiki kwanza. Kata katoni, ifunge kwa kamba mahali pake, kisha keti juu ya pikipiki na mwenzako akutazame kutoka ubavuni. Ukingo wa juu uwe chini ya kidevu chako. Lazima uione barabara kwa kupita juu ya ngao, si kwa kuangalia ndani yake, maana usiku wenye mvua plastiki iliyochubuka haionyeshi kitu.

2. KITU CHA KUTUMIA. Kioo cha dirisha hapana, hata kidogo. Kikivunjika ni visu mbele ya koo lako. Akriliki ni safi ya kupendeza, lakini hupasuka vipande vyenye makali. Kilicho bora ni polikaboneti ya milimita 3, ambayo hupindika bila kupasuka. Kipande cha kipimo tulichosema kina uzito wa gramu 650 hivi, na usukani hauoni taabu kuubeba. Asiyeweza kuipata atumie plastiki ya mtungi wa lita 20. Haionyeshi ng'ambo, lakini kwa kuwa twaangalia juu yake, yafaa.

3. MATUNDU. Toboa matundu manne. Bolti ikiwa ya milimita 6, tundu liwe la milimita 8, kwa sababu plastiki hutanuka juani na kunywea usiku, na tundu lililobana huanza ufa. Weka ubao nyuma unapotoboa, na utoboe polepole. Kila bolti iwe na washa ya mpira pande zote mbili. Kingo zote zipigwe msasa, kisha pasua mpira wa petroli kwa urefu wake na uuvike ukingo wote. Siku ukianguka, ukingo huo hautakukata.

4. MIKONO YA KUSHIKA. Fundi wa jua kali akukunjie vipande vya chuma bapa, upana sentimita 2 na unene milimita 3. Vishikwe kwa bolti na vibanio kwenye foku, yaani zile nguzo mbili za mbele zenye shoku, karibu na taa. Msikubali fundi achomelee kitu chochote kwenye foku. Moto wa kuchomelea hudhoofisha chuma na kuunguza mipira inayozuia oili, na foku ikivunjika njiani hakuna ngao itakayokuokoa. Waya wa kufungia na kamba za mpira tuwaachie wafunga mizigo.

5. MAHALI NA MTEREMKO. Ngao ianzie juu ya taa. Isifunike taa kuu, wala taa za kuonyesha kona. Iinamie nyuma kuelekea kwako, nusu ya njia kati ya kusimama na kulala, ili hewa ipande na kupita juu ya mabega. Kati ya ngao na taa acha nafasi ya vidole viwili au vitatu hewa ipite. Msiizibe nafasi hiyo kwa kudhani mnaongeza kinga. Hewa kidogo ikipita nyuma ya ngao, ile ya juu hutulia. Ukiziba kabisa, hewa huzunguka nyuma ya ngao na kuipiga helmeti yako kama ngoma.

6. KUJARIBU. Kabla ya kuwasha injini, zungusha usukani mpaka mwisho wa kulia na mwisho wa kushoto. Ngao isiguse tangi wala mikono yako, na waya za breki, za klachi na za mafuta zisivutwe. Ukizungusha mkono wa mafuta na kuuachilia, urudi wenyewe. Kisha nenda bila abiria, njia isiyo na watu, kwa kilomita 20, halafu 40, halafu 60. Usukani ukitikisika, punguza mafuta taratibu, usikanyage breki kwa hofu. Ukifika nyumbani ishushe ngao au uikate. Helmeti ikipigwa na hewa kwa kelele, kata sentimita 2 juu, au ilaze zaidi, kisha ujaribu tena.

7. KUTUNZA. Barabara zetu zenye mashimo hulegeza kila nati. Kaza bolti zote baada ya siku ya kwanza, halafu kila Jumapili. Osha kwa maji na sabuni na kitambaa laini. Usioshe polikaboneti kwa petroli. Petroli huifanya iwe na ukungu na nyufa ndogo ndogo, na siku moja inakatika mkononi.

NGAO HAIFANYI NINI

Ndugu, tusidanganyane. Ngao hii haizuii mvua yote. Miguu na mikono itazidi kulowa, basi jaketi la mvua na glavu ni lazima. Haipunguzi petroli kiasi cha kujivunia, kwa sababu katika milima yetu petroli nyingi huliwa na kupanda na mzigo. Abiria wako hapati faida kubwa nyuma yako. Na haichukui nafasi ya helmeti. Sheria ya barabara ya Kenya yataka mwendeshaji avae helmeti na jaketi lenye kung'aa usiku, na abiria awe mmoja tu. Ngao haifuti hata herufi moja ya sheria hiyo.

Tena kuna hatari moja ambayo tumeiona kwa macho yetu. Mtu akipata raha kifuani, hasikii tena mwendo. Upepo ulikuwa ukimwambia ya kuwa anakwenda mbio, na sasa umenyamaza. Basi atazame saa ya mwendo. Tumefunga ngao ili tufike bila kuchoka. Anayetaka kufika mbele ya wenzake asitumie jina la chama.

NI NANI ALIPE

Hapa ndipo penye neno la chama. Wengi wetu hatuna pikipiki zetu wenyewe. Twaendesha za matajiri, na kila jioni twapeleka hesabu, mvua iwe imenyesha au haikunyesha. Tairi likiisha, tajiri hununua, kwa kuwa tairi ni mali ya pikipiki. Lakini ukimwambia habari ya kinga, atakujibu: baridi ni yako, si ya pikipiki.

Jawabu letu ni hili. Mwendeshaji aliyechoka ndiye anayeangusha pikipiki, na ikianguka hasara ni ya nani? Tajiri mwenye akili ataona ya kuwa bamba la plastiki na bolti nne ni bei ndogo kuliko foku mpya na wiki tatu bila hesabu. Kamati yapendekeza tuombe hivi: tajiri anunue vifaa, nasi tutoe kazi ya kufunga na kutunza. Maombi hayo yapelekwe na chama, si na mtu mmoja mmoja, maana mtu mmoja hunyang'anywa ufunguo na mwingine akapewa kesho yake. Na watakaopewa ufunguo ulionyang'anywa mwenzao kwa sababu hiyo, twawasihi wafikiri mara mbili kabla ya kuupokea.

Wakati tunangoja majibu ya matajiri, tusikae bure. Bamba zima la polikaboneti huuzwa kwa kipimo cha futi 4 kwa futi 8. Tumelipima na kulichora: likikatwa kwa kipimo chetu, hutoa vipande 15. Mtu akienda dukani peke yake kununua kipande, atauziwa kwa bei ya mtu mmoja. Watu 15 wakichanga, wananunua bamba zima, na fundi mmoja anatoboa yote siku moja kwa katoni moja ya kipimo. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Katibu ana daftari mezani, na majina 15 ya kwanza yataandikwa leo. Mwenzetu yule aliyevunjika mguu amepona na amerudi kazini, nasi twaomba jina lake liandikwe la kwanza, na kipande chake tumlipie sisi.

Wenye miavuli, hatuwaamrishi muiondoe leo. Twajua abiria wanaipenda na nyumbani kuna watoto. Lakini twawaomba mambo mawili. Upepo ukianza kuvuma, simameni, mwukunje, hata abiria akinung'unika. Na msipite mahali pa wazi juu ya vilima mkiwa mmeufungua. Abiria aliyelowa atakasirika kwa saa moja. Aliyevunjika mkono atakukumbuka maisha yake yote.

Hayo ndiyo tuliyotaka kusema. Mwenye swali aulize sasa, na mwenye njia bora kuliko yetu atuonyeshe, tutamshukuru. Pikipiki yenye ngao iko pale nje chini ya mti. Njooni muishike, muitikise, mkae juu yake, kisha mrudi mezani kwa katibu.

Umoja ni nguvu.